Neno Lililoondolewa Wordle

Tarehe 9 Mei 2022, gazeti la The New York Times lilibadilisha jibu la siku hiyo la Wordle, mchezo wa kukisia neno la Kiingereza la herufi tano kwa majaribio sita. Liliondolewa "fetus", yaani kijusi, likawekwa "shine". Jibu la awali lilipangwa mwaka uliotangulia. Lakini wiki moja kabla, rasimu ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu utoaji mimba ilikuwa imevuja. Ambao kurasa zao hazikuwa zimesasishwa walikutana nalo vivyo hivyo. Mhariri wa mchezo ana hiari hiyo. Wa kamusi hana: atafutaye neno lenye F, T na S hutarajia kulikuta, lipendeze lisipendeze.