Mtoto Asihukumiwe Mlangoni



Mama mmoja wa Msambweni alinijia akiwa na mwanawe wa miaka minane, asiyesikia vyema. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amemtazama mtoto kwa dakika chache, akasema: "Huyu si wa hapa. Mpeleke shule maalum." Hakuandika barua. Hakumtuma kupimwa. Mama hakuulizwa neno. Mtoto akakaa nyumbani miaka miwili.

Kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi hii kuwa ya chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991. Waliokipinga hawakutaka vyama tu. Walipinga uamuzi wa mtu mmoja usiotolewa sababu wala kukatiwa rufani. Uamuzi wa namna hiyo ungali hai katika milango ya shule zetu.

Sheria imekwisha kusema. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wa mwenye mamlaka ufuate utaratibu wa haki, na yule ambaye haki yake imeguswa apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu anapoomba nafasi shuleni. Huko Marekani, mahakama ya Washington iliamua mwaka 1972, katika kesi ya Mills, kwamba mtoto mwenye ulemavu asiondolewe shuleni kabla ya kusikilizwa.

Wapo wasemao kwamba shule hazina walimu wala vifaa. Ni kweli. Tena shule maalum si adui. Yuko mtoto ambaye Lugha ya Ishara itamfungulia dunia. Lakini hilo lijulikane baada ya kupimwa, kazi ambayo vituo vya tathmini vimeifanya nchini tangu 1984, na mzazi akiwa ameketi mezani. Upungufu wa serikali hauwezi kugeuzwa kuwa kosa la mtoto.

Basi, mzazi akikataliwa, iwe Diani, Kinango au Lungalunga, adai sababu kwa maandishi. Apeleke malalamiko kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti na kuhifadhi nakala. Ikishindikana, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu mwingine kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza, bila ada ya kufungua kesi.

Enyi wanakamati wa haki na amani parokiani, msiishie kwenye maazimio. Mmoja wenu aandamane na mama huyo hadi ofisini. Kwa yule wa Msambweni tuliandika barua ya mistari mitano tu, kuomba sababu. Wiki iyo hiyo mtoto aliitwa kupimwa.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtoto huyu hajapewa hata nafasi ya kusikilizwa.