BUNDI NA PANYA WA SHAMBANI

Wakulima wenzangu wa Unyanyembe, kando ya njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo hata Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, watu wa karne ya 19 walituachia miembe. Mti mkongwe huwa na pango, na katika pango la namna hiyo hupenda kukaa bundi. Mara nyingi nimewaona watoto wakimtupia mawe, na wazee wakitazama bila kuwakataza, kwa kuwa husemwa ya kwamba bundi akilia juu ya paa, nyumba hiyo itapata msiba. Hata mimi nilipokuwa kijana nilimwua mmoja kwa manati, nikasifiwa. Leo naona kwamba desturi hii inatugharimu mahindi.

Asiyeniamini na aende chini ya mti huo asubuhi. Ataona madonge meusi, manene kama kidole gumba. Hayo si mavi. Bundi hummeza panya mzima, kisha huyatapika manyoya na mifupa. Loweka donge moja katika maji, ulipasue kwa kijiti, uhesabu mafuvu. Mimi hupata mawili, mara nyingine matatu, yenye meno ya njano ya yule yule afukuaye mbegu zetu siku chache baada ya kupandwa.

Panya huyo wa shamba ana chuchu hata 24. Hubeba mimba siku 23 hivi, huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Bundi huatamia mayai muda wa mwezi mzima, na makinda yake hukaa kiotani karibu miezi miwili. Basi mwaka wa mvua nyingi, chakula kikizidi, panya humwacha bundi nyuma kabisa. Bundi nao huongezeka, walakini baadaye, shamba likiwa limekwisha kuliwa.

Kwa hiyo sisemi ya kwamba bundi peke yake atatuokoa. Huko Morogoro wataalamu waliweka viota na miti ya kutulia ndege wawindao katika mashamba ya mahindi, wala panya hawakupungua sana. Mvua ndiyo iliyowatawala zaidi. Lakini kila jike aliyeliwa kabla ya kuzaa ni kizazi kizima kilichopungua. Ndiyo sababu namtaka bundi awepo kabla ya mvua.

Wazee wetu walijua kupambanua wanyama. Wanyamwezi walikuwa na chama cha Wanunguli, waliomwinda nungu kwa sababu ya kuharibu mashamba, na chama cha Wayeye, waliojifunza kumshika nyoka kwa mikono na kutengeneza dawa ya sumu yake. Chatu mdogo alaye panya, asiye na sumu, naye hupigwa rungu bila kuulizwa habari zake.

Jambo moja zaidi. Sumu nyingine za panya haziui papo hapo. Panya hutembea nayo siku kadhaa, na bundi akimla hudhurika vile vile. Tegeni mitego, fyekeni majani pembezoni mwa shamba kabla ya kupanda, inueni vihenge juu ya miguu yenye vizuizi vya bati, na mwembe wenye pango msiukate.