Mhasibu wa chuo asiwe wa kupokea pesa tu

Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango. Wazazi wengi waliokimbia vita hawana kazi, lakini minervali bado inadaiwa.

Naona mhasibu wa chuo kikuu asiwe mtu wa kupokea pesa na kupiga muhuri tu. Akae na rekta, amwonyeshe hesabu: mwalimu analipwa ile ile akifundisha wanafunzi arobaini au hamsini. Kwa hiyo ukifukuza kumi, gharama haipungui, na pesa yao umeikosa. Wakilipa kidogo kidogo kila mwezi, chuo kinapata kitu na mtoto anasoma.

Wazazi, mkienda chuoni msiombe huruma tu. Ombeni hesabu hiyo ifanywe.