Risasi zikiadimika, usinunue chochote kilichobaki

KUTOKA UGHAIBUNI
Na Bakari Mndeme

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hapa Minnesota hufunguliwa mwanzoni mwa Novemba. Wiki chache kabla yake maduka ya silaha hujaa watu wanaotafuta boksi moja au mawili ya risasi za kipimo cha bunduki zao. Mwaka 2020 na 2021 watu walirudi mikono mitupu. Rafu zilikuwa wazi Marekani nzima, na risasi ya bastola ya milimita 9 iliyokuwa ikiuzwa kwa senti 20 hivi ikapita senti 70. Uhaba wa namna hii huku huja kwa vipindi. Ulikuja baada ya uchaguzi wa 2008, ukarudi mwaka 2013 kufuatia mauaji ya shule ya Sandy Hook na mjadala wa sheria za silaha, kisha ukaja na Korona. Utarudi tena, na ndiyo maana naandika sasa, wakati risasi zinapatikana na vichwa vimetulia.

Siku hizi wanunuzi ni pamoja na watu wetu. Wako Wakongomani, Watanzania na Wakenya katika majimbo ya huku ambao wamejifunza kuwinda, wamepita mafunzo ya usalama na kupata vyeti, na nyama ya kulungu mmoja huilisha familia majira yote ya baridi. Hawa ndio wanaoumia kwanza duka likiwa tupu, kwa kuwa hawana akiba ya miaka iliyopita wala rafiki wa kuwawekea boksi chini ya kaunta.

Mwaka 2020 mfumo wa FBI wa kuwakagua wanunuzi wa silaha ulipokea maombi karibu milioni 40, kutoka milioni 28 mwaka uliotangulia. Mamilioni walikuwa wakinunua bunduki kwa mara ya kwanza, na kila mmoja alitaka risasi siku ileile. Julai ya mwaka huo kampuni ya Remington ikafilisika kwa mara ya pili tangu 2018, na kiwanda chake kikubwa cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kikakwama wakati kilipohitajika kuliko wakati wowote. Vista Outdoor, waliokuwa wakimiliki Federal ya Anoka, Minnesota, na CCI ya Lewiston, Idaho, walikinunua kwa dola milioni 81.4 na kukirudisha kazini. Septemba 2021 Marekani ikaacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, ikiwa ni adhabu kwa kulishwa sumu Alexei Navalny, na zile risasi za bei rahisi za maganda ya chuma, Tula na Barnaul, zikaanza kutoweka.

Jambo linalosahaulika ni fataki, kile kidude kidogo kwenye kitako cha risasi ambacho hugongwa na pini kikatoa moto wa kuwasha baruti. Kichwa cha risasi mtu anaweza kukisubu mwenyewe nyumbani, na ganda hutumika tena. Fataki haina njia hiyo, maana kemikali yake hulipuka kwa msuguano mdogo tu. Hapa nchini hutoka hasa katika viwanda vinne: Federal, CCI, Winchester na Remington. Viwanda hivyo vikizidiwa, hakuna karakana ya mtaani itakayoziba pengo. Wenye viwanda nao huogopa kujenga vipya. Wanakumbuka kwamba hofu ya wanunuzi ilipopoa baada ya 2016, mauzo yalilala na Remington ikaenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake.

Hata hivyo siwezi kuwatwika wenye viwanda mzigo wote. Mashine zilikuwa zikifanya kazi usiku na mchana, na risasi zilikuwa zikitoka. Hazikukaa rafuni. Sisi tulioishi Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunaijua hali hii. Uzalishaji ulikuwa umeshuka kweli, lakini aliyebahatika kupata kilo moja ya sukari alitaka kumi, na nyingine ilijaa maghalani mwa walanguzi hadi mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanza kuwasaka. Huku hakuna wa kumsaka mtu aliyenunua makreti ishirini na kuyauza kwa bei mara tatu. Kwa kawaida sheria haimgusi. Mimi namwita mlanguzi vilevile, na maduka yaliyoweka kikomo cha boksi moja au mawili kwa kila mteja yalifanya jambo la haki.

Kuna hasara nyingine ya ulanguzi huo. Kila risasi inayouzwa na mtengenezaji hutozwa ushuru wa asilimia 11, na tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 fedha hizo hurudi majimboni kutunza wanyamapori na makazi yao. Ushuru huo hukokotolewa kwa bei ya mtengenezaji. Ile ziada anayoiweka mlanguzi haimfikii kulungu wala msitu.

Nirudi kwa mnunuzi. Dukani kumebaki maboksi sita, yote ya aina usiyoizoea, na msimu unafunguliwa Jumamosi. Kishawishi ni kuchukua chochote kinachoingia kwenye bunduki. La kwanza ni kipimo: kuingia hakutoshi, na wakati mwingine ndiko kunakoua. Ganda la risasi ya .300 Blackout lilibuniwa kutokana na ganda la .223 lililokatwa likafupishwa. Hukaa katika magazini ileile na huweza kuingia katika chemba ya .223, lakini kichwa chake ni kinene kuliko tundu la mtutu, na ukivuta kifyatulio bunduki hupasuka mbele ya uso wako. Bunduki yenye chemba ya 5.56 hupiga .223 bila shida, ila iliyochongwa kwa .223 pekee isilishwe 5.56, kwa sababu shinikizo huweza kuzidi kipimo chake. Soma maandishi yaliyochorwa kwenye mtutu, soma na yaliyo kwenye kitako cha risasi, yalingane neno kwa neno. Muuzaji akikuambia "zinafanana", rudisha boksi. Na zile risasi zilizojazwa upya nyumbani kwa mtu usiyemjua, zinazouzwa kwenye mifuko ya plastiki wakati wa uhaba, ziache hapohapo.

La pili ni kichwa cha risasi. Mara nyingi zinazobaki ni zile za kijeshi na za mazoezi, ambazo kichwa chake kimefunikwa shaba kote. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazofumuka mwilini, ndiyo sababu za kijeshi hutengenezwa zipenye bila kutanuka. Porini hitaji ni kinyume. Mnyama anatakiwa afe haraka, na risasi isiyotanuka humpita kama sindano, naye huweza kukimbia mbali na kufia kichakani usikoweza kumfikia. Sheria ya Minnesota inataka risasi ya kuwindia kulungu iwe na ncha laini au ya kufumuka, na majimbo mengine mengi yana masharti kama hayo. Kama za namna hiyo hazipo, usiende kuwinda. Najua ni neno gumu kwa mtu aliyelipia leseni na kuomba ruhusa kazini, lakini mnyama hahusiki na uhaba wetu.

La tatu ni uzito wa kichwa. Uliyezoea .308 ya greni 150 ukapata ya greni 180, usidhani itagonga palepale. Kwa umbali wa mita 100 tofauti huweza kuwa sentimita kadhaa, na chapa mbili za uzito uleule nazo hutofautiana. Kwa hiyo katika boksi la risasi 20, tano au sita ni za kwenye uwanja wa shabaha, kurekebisha darubini hadi bunduki ipige unapolenga. Zinazobaki zinamtosha mwindaji wa kawaida misimu kadhaa.

Wakati wa uhaba, risasi za shaba tupu, zisizo na madini ya risasi, huweza kubaki rafuni kwa sababu ya bei yake kubwa. Zichukue. Mwaka 2008 North Dakota na Minnesota zilizuia ugawaji wa nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa maskini baada ya vipande vya madini ya risasi kuonekana ndani yake. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya tai waliopimwa katika majimbo 38 wana dalili za kuathiriwa na madini hayo kwa muda mrefu, na chanzo kimojawapo kikubwa ni utumbo na mabaki yanayoachwa porini na wawindaji. California imepiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa chake huwa kirefu kwa uzito uleule. Chagua chepesi kidogo kuliko ulichozoea, kisha ujaribu kwenye shabaha kama nilivyosema. Nyama hiyo inaliwa na watoto wetu, na dola kumi au ishirini za ziada kwa boksi ni gharama ninayoiona halali kabisa.

Ombi langu ni kwa pande mbili. Wewe unayeanza kuwinda, nunua mwezi huu maboksi mawili ya aina moja inayokubaliwa na bunduki yako, yahifadhi pakavu chini ya kufuli, na uwaachie wengine yaliyobaki. Nawe mwenye makreti ghalani tangu 2021, yauze kwa bei uliyonunulia kabla ya Novemba.