Anayeuliza Hesabu Si Muasi

"Kanisa letu limekua," husema mchungaji, naye ana maana ya viti. Ibada tatu kila Jumapili, spika mpya, magari yamepangwa mpaka barabara kuu. Sasa wingi huo ndio tumeufanya ushahidi wa uzima! Tarehe 1 Februari 2020 uwanja mmoja pale Moshi ulijaa watu, na walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako wakakanyagana wao kwa wao. Watu 20 wakafa. Waumini wa msitu wa Shakahola, kule Kilifi, walikuwa na bidii ya kufunga kutushinda sote, na tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto wadogo ikiwamo. Umati ulikuwapo na bidii ilikuwapo. Nafasi ya muumini kumwambia kiongozi "hapana" akaondoka salama, hiyo ndiyo haikuwapo.

Kwa hiyo mnipe kipimo kingine. Mama wa benchi la nyuma, yule atoaye sadaka yake kutoka kwenye faida ya vitumbua, ainuke wakati wa matangazo aulize: fedha za paa tulizochanga mwaka jana ziko wapi? Akijibiwa kwa tarakimu, kanisa ni zima. Wazee wakianza kutazamana, linaumwa. Akiitwa ofisini baada ya ibada ili aombewe roho ya uasi itoke, basi hapo tuanze kuchimba kaburi.

Najua jibu linalokuja: mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Haguswi na nani? Daudi alipakwa mafuta na Samweli mwenyewe, na bado nabii Nathani alimwendea ikulu akamweleza dhambi yake usoni. Petro alikuwa mtume, na Paulo alimkemea kule Antiokia mbele ya watu wote. Hakuna aliyemwambia Paulo kwamba amelogwa. Hawa wetu wa leo wamepakwa mafuta gani hayo, yasiyovumilia hata swali la risiti?

Na tuyaseme ya Malaki. Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, tunasomewa sura ya tatu kuhusu wanaomwibia Mungu zaka. Ile ya pili, ambayo nabii anawageukia makuhani wenyewe na kuwatishia laana, inarukwa. Torati nayo iliagiza zaka ya mwaka wa tatu iwekwe mijini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wapate kula. Mlawi yumo, sikatai, mchungaji lazima ale. Lakini wale wengine watatu wamekwenda wapi katika bajeti zenu?

Nanyi wa makanisa ya zamani, msicheke mkidhani nawasema wa mahema na majukwaa peke yao. Mna katiba, halmashauri, mhasibu na mhuri. Mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada unachukua saa nzima, ila taarifa ya fedha inasomwa mbiombio kama anayesoma amebanwa na haja. Halafu kuna lile la aibu kuliko yote: mtu anakufa, familia inalia, na kabla padri au mchungaji hajakubali kuzika inaulizwa kadi ya zaka. Hapo marehemu anakaguliwa. Aliyeshika kapu hakaguliwi.

Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuzibeba fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza kwa maandishi sababu yake: asitokee mtu wa kuwalaumu juu ya kiasi kikubwa namna ile. Huyo alikuwa mtume, aliyepigwa mawe kwa ajili ya Injili. Wa kwetu anataka tumtumie kwenye namba yake binafsi ya simu, na akaunti ya kanisa ina jina la mkewe.

Afya si ndoto. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha zilizotolewa na Rais Ruto katika parokia ya Soweto zirudishwe. Fikirieni ugumu wake: kwaya imeshashangilia, nyumba ya padri inahitaji kujengwa, na mtoaji ni mkuu wa nchi. Zikakataliwa hata hivyo. Huyo naweza kumwamini na kapu langu, kwa sababu anajua kwamba kuna fedha isiyopaswa kuingia humo.

Nasikia Jumapili ijayo kuna harambee ya gari jipya la mchungaji. Kabla hamjajaza bahasha, ulizeni lile la kwanza liliuzwa shilingi ngapi.