Uchambuzi: Intaneti inapozorota Busia na Tororo, kosa si la mpaka kila mara

Kwa wakazi wa Busia na Tororo, intaneti ya nyumbani si anasa tena. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilipoanza kutekelezwa mwaka 2014, hati za mizigo inayopita Busia na Malaba hushughulikiwa kwa mifumo ya kielektroniki, aghalabu kabla lori halijafika mpakani. Wakala wa forodha anayemalizia kazi sebuleni usiku, mfanyabiashara wa nafaka anayefuatilia bei za upande wa pili na mwanafunzi anayesubiri somo lifunguke, wote wanategemea kijisanduku chenye taa zinazomemeteka ukutani. Kasi inaposhuka, kinachopotea ni siku ya kazi na fedha za kifurushi.

Lawama za kwanza huelekezwa mbali, nazo si bila sababu. Uganda haina pwani. Sehemu kubwa ya mawasiliano yake ya intaneti hupitia Kenya hadi Mombasa, ambako mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilitia nanga mwaka 2009, ikafuatwa na EASSy mwaka 2010. Busia na Malaba ni miongoni mwa malango ambamo nyaya za faiba huvuka kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, athari zilisikika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Aidha, wakazi wa upande wa Uganda hawajasahau Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini humo mkesha wa uchaguzi mkuu.

Hata hivyo, hitilafu za namna hiyo zina alama yake: huupata mji mzima kwa pamoja. Ikiwa jirani anatazama video bila kukwama huku nyumba ya pili ikihangaika kufungua barua pepe, chanzo hakiko baharini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi kinachoila kasi ya intaneti ni ruta iliyomo nyumbani.

Kupima kabla ya kulaumu

Njia ya kuutambua ukweli ni rahisi. Kompyuta huunganishwa kwenye ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vikazimwa, kisha kasi ikapimwa. Baada ya hapo hupimwa tena kwa waifai, kwanza karibu na ruta, halafu katika chumba cha mbali. Chukua mfano wa nyumba inayolipia megabiti 20 kwa sekunde. Ikiwa waya unatoa 19 na chumba cha kulala kinapata 3, mtoa huduma ametimiza ahadi yake. Mawimbi ndiyo yanayopotea njiani. Ikiwa waya wenyewe unatoa 3, basi shaka huhamia kwenye ruta yenyewe au kwenye laini inayoingia nyumbani.

Mawimbi hayo yana maadui wanaofahamika vyema katika miji hii miwili: kuta nene za matofali, nondo za madirishani, matangi ya maji na hasa mabati. Ruta iliyofichwa nyuma ya runinga au ndani ya kabati la chuma hupoteza nguvu kabla mawimbi hayajatoka chumbani. Mahali pake panapofaa ni katikati ya nyumba, juu, penye hewa ya kutosha, kwa kuwa joto kali nalo hupunguza ufanisi wake.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahetsi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hayana kasi kubwa na hugombaniwa na vifaa vya majirani. Yale ya gigahetsi 5 yana kasi zaidi, ila hayafiki mbali. Katika nyumba za kupanga zilizopakana ukuta kwa ukuta, kuhamia chaneli ya 1, 6 au 11 katika gigahetsi 2.4 hupunguza msongamano, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Nywila inayojulikana na mtaa mzima nayo hugeuza kifurushi cha familia kuwa cha umma.

Tatizo la mpakani

Kuna hitilafu moja ambayo kweli ni ya mpaka, nayo huwapata wanaotumia ruta zenye laini ya simu. Mitandao ya Kenya hutambulika kwa namba 639, ile ya Uganda kwa 641. Ruta iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza, mawimbi ya nyumbani yanapofifia, kudaka mnara wa nchi ya pili. Matokeo yake ni intaneti inayokatika ovyo au salio linaloyeyuka. Mpango wa Mtandao Mmoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2014, ulilenga kwanza gharama za kupiga simu. Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta, kuchagua mtandao kwa mkono, kuzima huduma ya mtandao wa nje na kukiweka kifaa dirishani kuelekea mnara wa upande husika.

Haya yote yana uzito wa kiuchumi. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwa data ya intaneti. Familia inayonunua kifurushi kikubwa zaidi ili kutibu ugonjwa wa ruta hulipa ushuru zaidi bila kupata nafuu yoyote. Kwa upande mwingine, mteja mwenye kumbukumbu ya vipimo vya waya, pamoja na tarehe na saa, ana hoja ambayo mtoa huduma hawezi kuipuuza kwa urahisi. Asiposikilizwa, milango ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iko wazi kupokea malalamiko ya wateja. Kukagua ruta, kwa hiyo, hakumwondolei mtoa huduma wajibu wake, kunamnyima kisingizio.