Mashine zinahesabiwa, mawe yetu nani anayahesabu?

Vijana wa Masisi wanapenda kubishana: ni mashine gani ya michezo iliyouzwa zaidi duniani, PlayStation 2 au Nintendo DS? Huyu anasema zaidi ya milioni 160, yule anajibu milioni 154. Mimi nawaambia: mbele ya kubishana, ulizeni zimehesabiwa namna gani.

Nintendo inajumlisha DS zote, lakini inaonyesha mafungu: DS ya kwanza milioni 18.79, DS Lite 93.86, DSi 41.37. Jumla 154.02. Sony inatoa namba moja, bila kutenganisha PlayStation 2 nene ya mwaka 2000 na ile nyembamba ya 2004. Microsoft nayo, tangu 2015, haisemi tena imeuza Xbox ngapi.

Mtaniambia: michezo ni ileile, jumlisheni yote. Kwa mfanyabiashara, sawa. Kwetu sisi, hapana! Kila aina inatengenezwa na vifaa vyake, na katika vifaa vya elektroniki ndimo huingia tantalumu ya koltani kama ya Rubaya, na bati la kasiteriti kama ya Bisie, kule Walikale. Mwaka 2000 simu, kompyuta na mashine hizo ziliwania tantalumu. Bei ikapanda kama moto, watu wakaacha mashamba na kukimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Nani aliandika kilo zilizotoka hapa?

Mchezo wa kuchanganya tunaujua vizuri. Gunia la shimo hili linafungwa lebo ya shimo lingine. Mwisho wa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba angalau tani 150 za koltani ya Rubaya ziliingizwa Rwanda kwa magendo na kuchanganywa na ya huko. Likishachanganywa, jiwe halina tena kwao, na mchimbaji aliyelitoa hana pa kudai.

Jumla bila mafungu ni pazia. Anayefaidika ni yule aliye nyuma yake.

Kwa hiyo makampuni yanayojisifu kwa mamilioni yatuambie, aina kwa aina: mashine ngapi, gramu ngapi za tantalumu na bati, kutoka shimo gani. Kama wanaweza kuhesabu mashine moja moja mpaka dukani, washindwe vipi kuhesabu magunia?